Nani Yuko Chini

Meneja wa mgodi aliponiuliza kama ninaweza kumweka mchimbaji na taa yake katika namba moja, ilinipasa kusema siwezi. Nilisema naweza. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nitoke sekondari, na kiti nilichoahidiwa kilikuwa cha kuzunguka, chenye mto wa ngozi. Aliyekuwa akikikalia alikuwa ameikataa kazi hiyo hiyo asubuhi ya siku ile ile. Mdogo wangu Mabula alikuwa hai wakati huo, anakaa kwangu, anakula kwangu, na anatafuta ajira mgodini bila kuipata.

Habari za huyo aliyekataa ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu wengi waliomjua wamekwisha kufa, na waliobaki wanamkumbuka kama mzee aliyerukwa na akili. Hakurukwa na akili. Nilifanya kazi chini yake, na baadaye, kwa aibu, juu yake.

Tulimwita Mwalimu, ingawa pale mgodini, upande wa Geita, hakuwa na darasa. Alikuwa amesoma seminari mpaka karibu na upadri, akafundisha falsafa huko huko, kisha akatoka. Sababu ya kutoka alikuwa nayo zaidi ya moja, na ilitegemea nani anauliza. Wakatoliki aliwaambia macho yalimsumbua, akatibiwa hospitali ya Kolandoto mpaka akachelewa masomo. Waislamu wa mjini, wenye maduka karibu na stendi, aliwaambia alipenda nyama kuliko kufunga. Mimi aliniambia siku moja, akikoroga chai kwa penseli, kwamba aliulizwa swali na mwanafunzi akashindwa kulijibu, na hakuona haki kuendelea kuvaa kanzu.

"Swali gani, Mwalimu?"

"Kama shimo ni kitu."

Nilicheka. Hakucheka. "Wewe unacheka," akasema, "na mshahara wako unatoka shimoni. Ukiondoa mwamba wote unaolizunguka, shimo linabaki wapi? Hutalipata. Lakini ukiingia humo, linaweza kukumeza. Sasa niambie, lipo au halipo?"

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Mgodi ulikuwa umenunua mashine za kadi, nazo zilihitaji mtu mwenye kichwa kilichotulia. Leo wajukuu wangu wanabeba kompyuta mfukoni, kwa hiyo nieleze kidogo. Kadi ilikuwa karatasi ngumu, ndogo. Unaitoboa mahali maalumu, na kila tundu lina maana: huyu ni wa zamu ya asubuhi, huyu ni wa timbo la pili, yaani mahali pa kukatia mwamba huko chini. Mashine inazipitisha kadi kwa kelele kama mvua juu ya bati, inahesabu, inapanga. Haioni wino. Inachosoma ni mahali pasipo na karatasi. Mwalimu alikuwa akiiinua kadi dirishani ili mwanga upite kwenye matundu. "Hata humu ndani," alisema mara moja, "tunasoma mashimo."

Hakuwahi kushuka mgodini. Aliogopa. Kizimba cha kushushia watu kilipoanza kulia kwa minyororo yake, alifunga dirisha. Akitembea uwanjani alikwepa kukanyaga mifuniko ya visima. Ila kwa viatu alikuwa na majivuno yasiyomfaa mtu wa umri wake: vyeusi, vya kung'aa, na kitambaa cha kuvifutia kilikaa ndani ya droo moja na sukari yake, ambayo hakumpa mtu.

Kabla ya kutoboa kadi yoyote mpya alitulazimisha kujibu maswali. Hiki ni kitu gani? Kitu gani kikimtoka hatakuwa yeye tena? Kitu gani kinaweza kumtoka naye akabaki yule yule? Makarani wenzangu waliona anatupotezea muda. Mimi nilipenda, kwa sababu alitumia vitu vya nyumbani. Alisema kundi la ng'ombe la babu yake lilikuwepo tangu zamani, na watu waliliita kundi lile lile, ingawa ng'ombe wote wa mwanzo walikwisha kuliwa, kutolewa mahari au kufa kwa ugonjwa. "Kundi linaweza kubadilisha ng'ombe wote likabaki kundi," alisema. "Ng'ombe hawezi kubadilisha ng'ombe. Ukitengeneza kadi ya kundi kama kadi ya ng'ombe, siku moja utamchinja mnyama asiyekuwepo, na aliyepo atabaki porini bila mwenyewe."

Pamoja na ukali huo wote, alikuwa na mjukuu aliyepewa jina la baba mzazi wa Mwalimu, kama desturi ya kwetu, na alimwita mtoto huyo "Baba" bila utani hata kidogo. Mtoto alikuja ofisini na chakula, Mwalimu akainuka kitini kumpokea.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu ni mjukuu au ni baba?"

"Mjukuu. Na ni baba."

"Basi wewe uliyetukataza kuchanganya, umechanganya."

"Sijachanganya. Mtu ni mmoja, ndiyo huyu mwenye makamasi. Ubaba ni nafasi anayomshikia tu baba yangu, kama mtu anavyoshikiwa foleni. Kosa lingekuwa kusahau kwamba kuna mtu chini ya nafasi." Akamfuta mtoto makamasi. "Shikamoo, Baba." Mtoto akajibu "marahaba" kwa sauti nzito, na chumba kizima kikacheka isipokuwa Mwalimu, ambaye alikuwa akimtazama kana kwamba anasubiri aongeze neno.

Kushikiana nafasi ndiko kulikotuangamiza. Wachimbaji wengi walikuwa watu wa kwetu, Wasukuma wa Shinyanga na Kahama, na kwao mtu mwenye msiba anashikiwa kazi na ndugu au jirani. Anayemshikia huchukua taa ya mwenzake, hujibu kwa jina lake, anashuka. Hakuna aliyeona ni udanganyifu. Taa hazikukaa bila mtu, mawe yalitoka, na marehemu alizikwa. Wanyapara walijua. Mimi pia nilijua.

Taa zenyewe zilikuwa za kufunga kichwani, na betri yake kiunoni. Kila moja ilikuwa na namba, na ndoano yenye namba hiyo hiyo katika chumba cha taa. Meneja alitaka kadi moja ifanye kazi mbili: kuhesabu siku za mshahara, na kuonyesha nani yuko chini kabla baruti haijalipuliwa mwisho wa zamu. Ndoano zote zikijaa, king'ora kilie, baruti ipigwe. Rahisi.

Mwalimu alipeleka mpango wake. Alitaka kadi za aina mbili. Ya kwanza ya mtu, inayoanza naye na isiyogawiwa mwingine hata akifa. Ya pili ya kila kuingia: ameingia nani, na taa ipi, ametoka au hajatoka. Na pale mdomoni mwa mgodi asimame karani, amwulize kila anayeshuka jina lake mwenyewe, siyo la anayemshikia, wala asiadhibiwe kwa kumshikia. Nilikuwepo nikiwa nimebeba mafaili.

"Foleni itachelewa," meneja akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Namba ya taa inatosha. Taa moja, mtu mmoja."

"Taa ni kitu alichobeba," Mwalimu akasema. "Uchimbaji ni kazi aliyoivaa. Kuingia ni jambo linalotokea, lina mwanzo na mwisho. Mtu ni mtu. Bwana, umechukua vitu vinne ukavishonea namba moja, na katika hivyo vinne kimoja tu ndicho kinachoweza kufa."

"Unaweza kufanya au huwezi?"

"Naweza. Sifanyi."

Alihamishiwa stoo ya vipuri siku hiyo hiyo. Aliondoka na kitambaa chake cha viatu na sukari yake. Hakuniangalia. Mchana nikaitwa mimi, nikasema naweza, na nikaweza. Mpango wangu ulifanya kazi vizuri sana. Foleni ilikwisha upesi, mishahara haikuchelewa tena, meneja akaniletea chupa ya bia ofisini. Jioni Mabula alikuja kukizungusha kile kiti mpaka akaona kizunguzungu.

"Kaka, sasa wewe ni mkubwa. Niandike basi."

"Nafasi hazipo."

"Nitobolee tundu moja tu, dogo."

Alikuwa mtu wa kucheka, Mabula. Alilima pamba nyumbani Samuye na hakuipenda. Kule mgodini alipata vibarua vya kuwashikia watu nafasi, hasa jirani yetu Maganga, ambaye alikuwa na ukoo mkubwa na kwa hiyo misiba mingi. Asubuhi moja alinikuta nanawa uso uani.

"Shikamoo, kaka. Leo usiniite Mabula. Mimi ni Maganga."

"Marahaba, Maganga. Mkeo hajambo?"

"Mke wangu hajambo, na ni mzuri kuliko wako."

"Mimi sina mke."

"Ndiyo maana nakwambia!"

Nikamrushia maji. Akaenda zake, anaigiza mwendo wa Maganga, wa mtu mwenye goti bovu. Sikumwona tena.

Kilichotokea huko chini tulikipata kwa vipande, kutoka kwa watu wa kikosi chake. Taa yake ilififia karibu na mwisho wa zamu. Mwenzake aliyekuwa anapanda akaichukua ili ampelekee juu, ibadilishwe, na nyingine ishushwe kwa kizimba. Walikuwa wakifanya hivyo siku zote. Mabula akabaki akikusanya nyundo na patasi kwa mwanga wa rafiki aliyekuwa upande wa pili wa ukuta wa mawe, na yule rafiki akadhani Mabula amekwisha tangulia, akapanda. Juu, mlinzi wa chumba cha taa akaipokea taa, akaitundika kwenye ndoano yake. Ndoano zote zikajaa. Yule aliyeipeleka alikuwa bado anaomba nyingine dirishani wakati king'ora kilipolia. Alipiga kelele. King'ora kilikuwa na nguvu kuliko yeye.

Baruti ikapigwa, na timbo lile likaporomoka lote. Meneja aliagiza hesabu. Mashine ikapitisha kadi, mvua juu ya bati, ikatoa jibu: hakuna anayekosekana. Mwenye namba ile alikuwa Maganga, na Maganga alirudi kutoka mazikoni siku iliyofuata akiwa mzima, na kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya msiba. Mabula hakuwa na kadi. Nilisimama mbele ya meneja nikamwambia kuna mtu chini, ni ndugu yangu, wa tumbo moja. Akaniuliza aliingia kwa namba gani. Nikamtajia. Akasema mwenye namba hiyo yuko nje pale, ameketi kwenye benchi.

Na ilikuwa kweli. Nilimwona Maganga kupitia dirishani, ameshika kofia kwa mikono miwili. Kwa mpango niliouchora mwenyewe, asiyeingia hawezi kushindwa kutoka. Hawakufukua. Hapakuwa na mtu wa kufukuliwa.

Maganga hakuitaka tena taa ile. Akapewa mwingine, mtu wa Usumbwa aliyekuja juzi na asiyejua lolote. Baada ya muda mfupi yule naye akaomba abadilishiwe. Hakulalamika kwa ubaya. Alisema tu kwamba akitembea nayo chini, kuna mtu anamfuata nyuma, anachechemea kidogo, na yeye husogea pembeni ampishe lakini hapiti. Akapewa wa tatu. Huyu aliirudisha siku ya kwanza na hakusema sababu. Mwishowe betri ikatolewa, taa ikabaki kwenye ndoano, haina kazi. Na kwa kuwa ndoano haikuwa tupu, hesabu ya kila mwisho wa zamu iliendelea kusema kwamba mwenye taa ile amepanda salama. Nilikuwa nikilisoma hilo kila siku. Ningeweza kuitoa ile kadi kwenye kasha. Sikuitoa, maana ilikuwa ndiyo karatasi ya pekee duniani iliyokuwa karibu na mdogo wangu, ingawa haikuwa yake.

Mwalimu alikuja kwangu siku ya pili ya ajali. Nilimwogopa. Nilitegemea aseme aliyokuwa na haki ya kuyasema. Akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, viatu vyake vina vumbi, na mimi sijapata kuviona na vumbi.

"Jina lake nani?" akauliza.

"Unamjua, Mwalimu. Mabula."

"Najua. Nataka nilisikie likitamkwa na mtu wake."

Nikalitamka. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Siku chache baadaye aliacha kazi. Tulisikia yuko Kahama, mara yuko kwa ndugu zake, mara anafundisha katekisimu. Mtu mmoja alimkuta mjini Shinyanga akisimuliwa kwamba serikali imeleta kompyuta Dar es Salaam, na alisema tu, "Wameiambia mtu ni nini?" Mgodi nao ulifungwa baadaye. Pampu zikazimwa, maji yakapanda polepole mpaka yakakaribia mdomo. Nimewahi kusimama pale. Maji yale ni meusi na yametulia, na ukitupa jiwe unasubiri sauti kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Nilimwona Mwalimu mara moja tu tena, miaka ya themanini, Bugarama. Nilikuwa nimetumwa na mfanyabiashara mmoja kununua magunia. Wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa huko, wanachimba maduara, yaani visima vyembamba vya kwenda chini, kwa kamba na ndoo. Saa ya watu kupanda, jua bado kali, nikasikia sauti ninayoijua.

Alikuwa amezeeka hata mgongo umepinda. Viatu ni vile vile au ndugu zao, vimepasuka, vinang'aa. Alikwenda duara hadi duara bila daftari wala karatasi, akiinama mdomoni mwa kila shimo, yeye aliyekuwa akikwepa mifuniko ya visima.

"Nani yuko chini?" akauliza.

Wakajitaja mmoja mmoja wakipanda, na yeye akamgusa bega kila aliyetoka.

"Babu, nihesabu mara mbili," kijana mmoja mnene akasema, "mimi nakula mara mbili!"

"Utakufa mara moja," Mwalimu akamjibu. "Taja jina lako, siyo la kaka yako."

"Ah, Babu hakosei! Leo nimemshikia Kaka Ndaki."

"Basi sema wewe nani, na umemshikia nani. Yote mawili."

Akasema yote mawili, wakacheka, na hakuna aliyechelewa. Kisha, watu wote wa duara lile walipokwisha kutoka, Mwalimu akainama tena na kuita: "Mabula!"

Na wale vijana, wanafuta matope, wanatafuta sigara zao, hawatazami hata alikoinama, wakaitikia kwa pamoja kama watu walioitikia hivyo kila siku:

"Bado yuko chini!"

Akaenda duara la pili. Ikawa hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Sauti za watu ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wakinyonya, mdogo wangu alipoingia. Nikaketi juu ya kifusi. Alikuja akaketi karibu nami.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Wanamjua?"

"Hawamjui. Kwao ni neno la kumalizia. Waliponiuliza ni nani niliwaambia ni mtu aliyeingia na hakuandikwa. Wakaona ni vibaya kulala bila kumtaja." Akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga. "Unadhani nilikulaumu wewe. Mimi nilinuna. Nilikaa stoo nikihesabu bolti, nikisubiri mkosee, ili nionekane nilikuwa na haki. Ningeweza kusimama pale mdomoni kila siku na kuuliza majina, bila mshahara, bila kadi. Nani angenizuia? Niliijua kweli nikaenda nayo stoo."



"Mama yenu yupo?" akauliza.

"Yupo Samuye."

"Amekwisha kuweka matanga?"

"Amekataa. Anasema mgodi haujasema kama amekufa."

Mwalimu akavaa kiatu chake, akakifunga polepole, akainuka kwa kunishika bega, vile vile alivyowashika wale waliotoka shimoni. "Jina lako nani?" akaniuliza. Nilidhani umri umemchukua. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku, akaenda kwenye duara lililofuata.

Alifariki huko huko, nasikia, na vijana wa maduara ndio waliomzika.

Mama alimfuata miaka michache baadaye. Mpaka mwisho alimwekea Mabula chakula pembeni, na mlango wa uani haukufungwa. Matanga hayakuwekwa. Wala hakunigombeza hata siku moja. Ila tangu nilipomletea habari kwamba mgodi unasema hakuna mtu chini, hakuniita tena kwa jina langu, wala hakuniita mwanangu. Aliniita karani. "Karibu, karani." "Karani, chakula tayari." Wageni wakija aliwaambia, huyu ni karani wa mgodini, na nikawa naketi na wageni. Siku alipokuwa anakata roho nilimshika mkono, dada zangu wakamwambia ni mimi, wakamtajia jina. Akanitazama vizuri, akasema, "Karani amekuja."

Nilipewa kiti cha kuzunguka, nikakikalia mpaka mgodi ulipofungwa. Kilinigharimu mdogo wangu, ambaye hana kaburi, na kilinigharimu mama yangu, ambaye alikufa bila kunitambua kuwa mwanawe.